Mguu Juu ya Kreti

Mguu wangu wa kushoto una ngozi za aina mbili. Kutoka gotini hadi katikati ya muundi ni ngozi ya kawaida, ile niliyozaliwa nayo Khwisero. Kuanzia hapo hadi kwenye kifundo ni ngozi nyingine, nyeusi ya moshi, ngumu, inayong'aa, na upande wa ndani pana kovu lililopauka, kubwa kama kiganja cha mtoto. Watu wakiliona hugeuza macho. Mimi siufuniki mguu kwa sababu ya macho ya mtu. Niliufunika vya kutosha katika miaka ya tisini, nikiwa nimeolewa Musanda, na siku nilipoacha kuufunika nusu ya ukoo wa mume wangu ilitaka nilipe kuku.

Wakati huo nilikuwa mpishi katika shule ya bweni. Nilifika jikoni kabla jua halijachomoza na nikasimama hapo hapo, kwenye sakafu ya saruji, nikisonga obusuma, ugali wa kwetu, kwa mwiko mrefu kama jembe, hadi wanafunzi walipomaliza chakula cha jioni. Nilikuwa na nguvu na nilijua nina nguvu. Nilikuwa pia nimezaa watoto watatu wanaofuatana, na kwa kila mimba mishipa nyuma ya goti langu ilitokeza zaidi, minene, ya buluu, imejipinda. Hakuna aliyeniambia ni kitu. Mama yangu alikuwa nayo, shangazi zangu walikuwa nayo, tukadhani ndivyo miguu ya wanawake waliozaa inavyokuwa.

Kisha mguu ukaanza kuvimba jioni, soksi ikiacha alama ya kuzunguka. Kisha ngozi juu ya kifundo ikageuka rangi, kwanza hudhurungi, halafu nyeusi, ikawa kavu na yenye magamba. Kisha ukaja mwasho. Sijui nisemeje juu ya mwasho ule. Nilijikuna kwa kucha, nikajikuna kwa kisigino cha mguu wa pili huku nikisonga ugali, na nyumbani nikajikuna kwa gunzi la mahindi, nikifumba macho kwa raha. Jioni moja gunzi likaja na damu. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya harage, na mimi nikacheka, nikakipaka mafuta ya kupikia.

Hakikupona. Kilikua. Kikawa kama sarafu, kikawa kama mfuniko wa chupa ya maziwa, kikaanza kutoa maji yaliyolowesha leso na kunuka.

Kule kwetu kidonda cha mguu kisichopona hakina maswali mengi. Umekanyaga. Mtu ametega kitu njiani, nawe ukapita ukakanyaga, basi. Linalobaki ni kutafuta aliyetega. Mama mkwe alimshuku jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba la miwa. Jirani naye, nilisikia, alikuwa akisema nimevuna nilichopanda, kwa maana eti sisi wa Khwisero hatukosi vitu vyetu vya uchawi. Niliulizwa kila siku nimepitia wapi, nimeruka nini, nimekanyaga nini, hata nikaanza kutembea nikiangalia chini kama mtu aliyepoteza sindano. Akaletwa bibi mmoja mwenye wembe na pembe ya kuumika. Nilimkatalia wembe. Yote mengine nikayakubali, maombi, majani, maji ya chumvi, na zaidi ya yote rangi mbili.

Aliyeishi sehemu zile anaijua rangi mbili, kile kidonge cha ganda lenye rangi mbili kilichouzwa katika kila duka, kando ya chumvi na kiberiti. Wengine walikimeza. Sisi tulikifungua, tukamwaga unga wake juu ya kidonda. Unga ulinyonya maji, ukaganda, ukafanya gamba la manjano, na nyumba nzima ikafurahi kwamba kidonda kimekauka. Tuliamini kidonda kikikauka kimepona. Baada ya siku chache gamba liliinuka lenyewe, usaha ukatoka chini yake, na ngozi iliyokuwa nzima kando ya kidonda ikawa imetoka malengelenge na kuwasha kama upupu. Tukasema dawa ya adui ni kali. Tukaongeza rangi mbili.

Shuleni wakaniachisha kazi. Mwalimu aliyetumwa kuniambia aliniambia akiwa anaitazama sufuria. Alisema wazazi hawataki chakula cha watoto wao kipikwe na mtu mwenye kidonda. Nikamuuliza kama mguu ndio unaosonga ugali. Nikavua aproni nikaiweka juu ya kuni, na njia nzima ya kwenda nyumbani nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka Kakamega mjini. Kulikuwa na kliniki ya ngozi huko, chumba kimoja nyuma ya majengo mengine, ambacho zamani kilihudumia watu wenye ukoma. Ukoma ulikuwa umekaribia kwisha lakini benchi la nje lilibaki na jina lake, benchi la ukoma, na mtu aliyekalia benchi lile alijulikana kwao kabla hajafika. Mimi nililikalia. Mwanamke wa soko la kwetu alipita na kikapu chake cha samaki, akaniona, akajifanya hajaniona. Niliposhuka kituoni jioni ile, mama mkwe alikuwa ameshaambiwa.

Lakini kwanza nieleze juu ya daktari. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha watoto mstarini. Aliuosha mguu wangu kwa maji ya uvuguvugu, akalilainisha gamba la manjano mpaka likatoka, akalishika kwa koleo mbele ya pua yangu.

"Hii nani alikuwekea?"

"Mimi mwenyewe, daktari."

"Umepika uji juu ya kidonda. Sasa nyamaza nikuonyeshe ngozi ni kitu gani."

Akanifinya paja. Nyama ikajaa mkononi mwake. Kisha akajaribu kunifinya juu ya muundi, na vidole vyake vikakosa cha kushika. "Umeona? Juu pana godoro," akasema. "Kuna ngozi ya nje, ile inayobanduka ukijikuna. Chini yake kuna ngozi nene, ndiyo yenye damu na jasho na uchungu. Chini ya hiyo kuna mafuta. Hapa kwa muundi, mafuta ni kidogo sana. Ngozi imelala juu ya mfupa bila godoro. Na hapa ndipo uzito wa damu yako yote unashukia ukisimama."

Akaendelea. Damu ikishafika mguuni, alisema, inapaswa kupanda tena, na ndani ya mishipa ya kuipandisha mna vilango vidogo vinavyofunguka kwenda juu tu. Ukitembea, shavu la mguu linaikamua damu na vilango vinaizuia isirudi. Mimba zangu na sakafu ya saruji vilikuwa vimevilegeza. Damu ikawa inashuka na kusimama pale juu ya kifundo, maji yake yakipenya ndani ya ngozi, na ule weusi niliodhani ni uchafu usiotoka ulikuwa kutu ya damu yangu mwenyewe iliyobaki humo. Ngozi iliyokaa na maji namna ile inawasha. Ikikunwa inapasuka. Ikipasuka haina chakula cha kuipa kupona.

"Kwa hivyo sikukanyaga kitu," nikasema.

"Hukukanyaga kitu. Umesimama tu."

Sijawahi kuambiwa neno lililonitua mzigo kama lile. Miezi yote ile nilikuwa nikitembea na adui kichwani, nikimpa uso wa jirani huyu na wa jirani yule, na kumbe adui hakuwepo. Nilitaka kucheka. Daktari hakunipa nafasi. Aliweka vidole viwili kwenye mgongo wa mguu wangu, akatafuta mapigo, akayapata, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akachukua bandeji pana ya kuvutika na kunionyesha jinsi ya kufunga, kuanzia chini ya vidole vya mguu, kupita kisiginoni bila kukiacha wazi, hadi chini ya goti, ikibana zaidi chini na kulegea kidogo kwenda juu. Rangi mbili marufuku. Gunzi marufuku. Kusimama mahali pamoja marufuku, kutembea ruhusa. Na kila ninapokaa, mguu uwe juu, juu kuliko moyo, au angalau juu kuliko kiuno.

Hapo nikamwambia, "Daktari, mimi nimeolewa."

Akaniangalia juu ya miwani. "Mguu haujaolewa," akasema, akamwita anayefuata.

Msomaji asiyetoka kwetu atauliza ndoa inaingiaje kwenye bandeji. Inaingia hivi. Katika boma kama lile, mke wa mtoto na baba mkwe wake wanaishi kwa kupishana. Hawapeani mikono. Yeye haingii nyumba ya mwanawe, na mimi sikalii kiti chake. Nikimsalimu nilichutama na kuangalia pembeni. Nikikaa mahali anapoweza kupita, miguu yangu inakunjwa kando chini ya leso, vidole visionekane. Kumnyooshea mguu ni kumtukana. Kuuinua mguu mbele yake mpaka shavu lionekane, hilo halikuwa hata na jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kulifanya.

Na baba mkwe wangu hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa mkulima wa miwa, mzee wa kanisa, mrefu, mkimya, na alivaa gambuti, buti za mpira. Mvua au jua, shambani, sokoni, kanisani hata matangani, mzee alikuwa na gambuti zake nyeusi zilizofika chini ya goti, zimepanguswa zikang'aa. Watoto walizisikia zikigonga njia kabla hawajamwona, wakanyamaza. Watu walisema ni mzee anayejiheshimu. Mimi pia nilisema hivyo.

Nilianza kwa woga, lazima niseme. Niliinua mguu ndani ya nyumba, kitandani, nikiuegemeza ukutani. Nyumba ilikuwa na dirisha moja dogo na paa la mabati, mchana ilichemka. Ndani kule sikuona punje za kuchambua wala sindano ya kushonea, na kazi zilizolala nje ziliniita kwa majina yao yote. Mama mkwe alipita mlangoni akisema kwa sauti ya kusikika kwamba wengine wanalalanga mchana. Basi niliinua mguu dakika tatu, nikautelemsha, nikatoka. Niliporudi kliniki, daktari aliweka kipande cha karatasi angavu juu ya kidonda, akakichora, akakilinganisha na mchoro wa kwanza. Kilikuwa kimeongezeka.

"Nimeona kidonda kama hiki kikizunguka mguu wote mpaka kinakutana na mwanzo wake," alisema. "Wenye hivyo walikuja hapa wakiomba tukate wapumzike. Ukitaka kupoteza mguu kwa heshima, ni wako."

Nilitoka pale nikiwa nimepiga moyo konde. Nilipofika nyumbani niliingia nyumba ya pembeni, nikatoa kreti tupu ya soda iliyobaki kwenye harusi ya shemeji yangu, nikaiweka nje chini ya upenu wa nyumba yangu, pale penye mwanga. Nikaweka kigoda mbele yake. Nikakaa, nikalaza mguu juu ya kreti, nikaweka ungo wa maharage mapajani, nikaanza kuchambua.

Boma lilikuwa limepangwa hivi: nyumba ya wazee juu, yetu chini karibu na lango, na njia ya mzee ya kwenda kwenye miwa ilipita mbele ya upenu wangu. Sikungoja sana. Gambuti zilisikika. Mzee akaja na jembe begani, akapinda kona ya ghala, akaniona. Akakohoa. Nikasema, "Shikamoo baba," bila kuchutama, kwa kuwa mtu hawezi kuchutama akiwa na mguu juu. Akageuza shingo akatazama sukumawiki kwa muda mrefu mno kwa sukumawiki, kisha akarudi kinyumenyume alikotoka. Nikaendelea kuchambua, nikitupa maharage mazima na kubakiza mabovu. Lakini mguu sikuushusha.

Jumapili baada ya ibada walikaa. Walikuwa mzee mwenyewe kwenye kiti chake, ndugu yake mdogo, wazee wengine wawili wa ukoo, mama mkwe, na mume wangu. Mume wangu alifanya kazi ya zamu katika kiwanda cha sukari, mtu mpole mpaka unaudhika. Mimi nilitandikiwa mkeka karibu na mlango, mahali pa wake. Nilikuja na kreti yangu. Nikaiweka, nikainua mguu, na nikasikia mtu akivuta pumzi.

Ndugu ya mzee ndiye aliyesema, maana mzee hawezi kusema na mimi juu ya mguu wangu.

"Hii boma haijawahi kuona mambo kama haya. Unakaa hivyo mbele ya baba yako, mguu iko juu, watu wanapita njia wanaona. Sisi hatukatai ugonjwa. Ugonjwa ukae ndani. Utaripa kuku, na watu ya kwenu wakuje wakusimamie useme pole, na hiyo sanduku ya soda irudi nyuma ya nyumba."

Mume wangu aliniangalia kwa macho ya kuomba. Najua alichotaka. Alitaka nitoe kuku, tule, yaishe, na mguu urudi gizani. Nilimpenda na nilimkasirikia kwa wakati mmoja. Nikasema, na sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyopanga:

"Baba mdogo, kuku ninao wengi. Mguu wa kushoto ninao mmoja. Daktari amesema nikiuacha chini utakatwa. Mkiutaka ukatwe semeni hapa, mbele ya mume wangu, nami nitauteremsha saa hii. Kama hamsemi, nitauinua hapa hapa penye mwanga mpaka upone."

Hakuna aliyesema ukatwe. Hakuna aliyesema usikatwe pia. Walitazamana, na mzee, aliyekuwa amekaa wakati wote ameangalia gambuti zake, alisimama akaenda zake. Nilibaki na faini yangu, na sikulipa.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu na sitaitia sukari. Wanawake waliopita njia walipunguza mwendo ili waone, na wengine walikuja kuomba moto wakiwa na kiberiti mkononi. Mama mkwe alinisemesha kwa maneno ya lazima tu. Niliosha mguu, nikabadilisha kitambaa, nikafunga bandeji, nikaifua ile nyingine na kuianika kwenye kamba ya mbele, peupe. Nilitembea hadi mtoni na kurudi, nikakaa, nikainua. Nilipepeta, nilishona, nilimenya viazi, niliwafundisha watoto kusoma, yote mguu ukiwa juu ya kreti. Na kidonda kikaanza kusinyaa. Pembeni pakatokea utepe mwembamba wa waridi, ngozi mpya, laini hata niliogopa kuipumulia. Nilifurahi kama mtu aliyejifungua.

Mzee naye aliacha kabisa kupita mbele yangu. Alijipatia njia nyingine nyuma ya boma, kupitia kwenye miwa, akishuka bondeni penye tope na kupanda tena. Ilikuwa mbali. Nilimwona nikiwa kwenye kigoda changu, kofia yake ikielea juu ya majani, na baada ya muda nikaona kofia inainama upande mmoja kwa kila hatua. Nikasema moyoni, achechemee, nani alimtuma. Niliona pia, na sikuliwazia, kwamba nyuma ya nyumba ya wazee, mahali ambapo mgeni hafiki, kamba fupi ilikuwa na vitambaa vilivyokatwa virefu virefu, vimefuliwa vikabaki na madoa. Nilidhani ni vya kukamulia maziwa.

Adhuhuri moja mama mkwe alikuja akakaa karibu nami chini ya upenu. Hakuwa amekaa hapo tangu kreti itoke. Akachukua kiganja cha maharage, akaanza kunisaidia kuchambua. Tulichambua mpaka yakaisha. Ndipo akauliza, akiangalia ungo:

"Hiyo bandeji. Ya mwanaume inafungwanga hivyo hivyo?"

Nilielewa mara moja. Gambuti kanisani. Gambuti kwenye jua. Vitambaa nyuma ya nyumba. Harufu ambayo nilizoea kuisikia mzee akipita nikadhani ni ya mpira wa viatu.

"Tangu lini, mama?"

"Kabla wewe uolewe."

Waandishi wengine wangesema hapa waliingiwa na huruma. Mimi niliingiwa na hasira iliyonifanya nisikie kidonda kinapiga. Mtu huyu alijua. Alijua mwasho, alijua maji yanavyolowesha kitambaa, alijua harufu ya mguu wako mwenyewe inavyokufuata kitandani, na alikaa kwenye kiti chake, ndani ya gambuti, akaacha ndugu yake anitoze kuku. Aliniona nikipona mbele ya macho yake, akaenda kuzunguka kwenye tope.

"Mama, mwambie mambo mawili," nikasema. "La kwanza, siwezi kumfunga wala wewe usimfunge kabla hajaenda Kakamega. Si kila mguu unafungwa. Kuna miguu ambayo damu haishuki vizuri, ukiibana unaiua. Lazima wapime mapigo. Aende akakalie lile benchi mchana, kama nilivyokalia."

"Na ya pili?"

"Akirudi, atauinua hapa nje. Akitaka kujua ninavyofunga, aje aone. Sitamfundisha mtu nyuma ya nyumba."

"Haiwezekani. Wewe ni mke wa mtoto wake."

"Basi avae gambuti."

Nilitarajia aniite sina adabu, na pengine sikuwa nayo. Aliinuka akachukua ungo wangu akaenda nao.

Niliwaza kwamba yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Asubuhi moja boda boda ilikuja mpaka langoni, mzee akapanda nyuma ya baiskeli na gambuti zake zikining'inia huku na huku, wakaenda. Alirudi jioni na kifurushi cha bandeji kwapani. Kwamba alikalia benchi tulijua kabla hajarudi. Yule mama wa samaki hakuwa mtu wa kukosa habari.

Kesho yake mama mkwe alitoka dukani na kreti ya soda kichwani. Akaiweka chini ya upenu wa nyumba yao, ng'ambo ya uwanja, ikitazamana na yangu. Mzee akatoka akakaa kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa tayari nimekaa. Yeye aliangalia ghala, mimi niliangalia wembamba wa njia ya langoni, na mama mkwe akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, kama refa.

Nikasikia gambuti ikivuliwa. Ilitoka polepole, kwa sauti ya kunyonya. Mama mkwe alisema neno moja kwa lugha yao, neno la kumwambia mtoto avumilie. Sikugeuka. Uso wangu ulikuwa umelowa na sikuupangusa.

Nikafungua bandeji yangu yote, nikaikunja upya.

"Mwambie aanzie chini ya vidole," nikasema.

"Anasema uanzie chini ya vidole," mama mkwe akasema, ingawa mzee alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu na masikio yake yalikuwa mazima.

"Asiache kisigino wazi."

"Usiachange kisigino."

"Chini abane, juu alegeze."

"Amesikia," akasema mama mkwe, na safari hii alikuwa anatabasamu.

Tangu siku ile uwanja ule ulikuwa na miguu miwili juu. Hatukutazamana wala hatukusemezana. Akimaliza kufunga alikohoa, nami nikajua amemaliza. Chini ya upenu wake alijipatia kazi ya kusuka kamba, na chini ya wangu nikaendelea na maharage. Njia ya kwenye tope ikaota majani.

Ndugu yake mdogo alikuja siku ya soko na mmoja wa wale wazee. Walipinda kona ya ghala wakasimama. Walitazama huku, wakatazama kule. Wazee wanajua kusahau mambo mengi lakini kuku hawamsahau, na baba mdogo, kwa kukosa la kusema, akauliza:

"Ile kuku ya mguu iliripwa?"

Mzee aliendelea kusuka. "Ngojeni," akasema. "Zitakuwa mbili."

Kidonda changu kilifunga. Chake hakikufunga kabisa. Alikuwa amekificha miaka mingi mno, na kila mvua kubwa ilipokuja kilifunguka kidogo pembeni, akakiinua, kikarudi. Alikufa kwa ugonjwa mwingine, muongo ule ukielekea kuisha. Walipokuwa wanamvisha, baba mdogo aliuliza kama azikwe na gambuti zake, kwa kuwa ndivyo watu walivyomjua. Mama mkwe akasema hapana. Alivishwa soksi nyeupe na bandeji safi chini yake, nami ndiye niliyeikunja bandeji ile, ingawa si mimi niliyeifunga.

Mazishini watu walisimama kuanzia hotuba ya kwanza hadi ya mwisho, na kwetu hotuba za mazishi haziishi. Mimi sikusimama. Nilichukua kreti ya mzee kutoka chini ya upenu, nikaiweka mstari wa mbele, mbele ya jeneza, wazee, pasta na wakwe wote wa ukoo. Nikakaa kwenye kigoda changu, nikainua mguu. Baba mdogo aliniangalia, akaangalia kreti, kisha akamwita mtu amletee yeye pia kiti, akakaa.